Mada ya juma katika darasa la awali: maana yake na nafasi ya nyumbani

Mada ya juma ni jambo moja ambalo mwalimu wa awali hulichagua ili shughuli za darasa, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, zilizunguke. Juma hili ni familia yetu, lijalo ni matunda, linalofuata ni usafi wa mwili au wanyama wafugwao. Watoto wataimba, watahesabu, watachora, wataigiza na kusikiliza hadithi kama siku zote, ila vyote vitahusu kitu kilekile.

Wazazi wengi, Kilwa mpaka Masasi, bado wanaipima chekechea kwa daftari. Mtoto akirudi wanafungua mkoba, wanatafuta mistari ya a, e, i, o, u, na wasipoiona wanaamini mwalimu hafundishi. Mtoto akiulizwa "Leo mmesoma nini?" akajibu "Tumecheza na korosho", mama anaguna. Lakini mtoto aliyecheza na korosho kwa juma zima chini ya mwalimu anayejua kazi yake anaweza kuwa amepata mengi kuliko mwenzake aliyejaza kurasa tatu za herufi asizojua sauti zake.

Mtoto wa miaka minne au mitano haoni mpaka kati ya hisabati na lugha. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulilijua hilo. Ulitaja maeneo sita ambayo mtoto anapaswa kuyamudu: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kucheza. Mada ya juma inampa mwalimu mahali pa kuyakutanisha maeneo hayo yote, badala ya kumrusha mtoto kutoka jambo moja kwenda jingine yasiyohusiana.

Kwa nini juma, si siku moja? Kwa sababu mtoto mdogo hashiki jambo kwa kulisikia mara moja. Jumatatu anasikia jina la kitu, Jumanne anakishika na kukipanga, Jumatano anakisikia tena ndani ya hadithi, Alhamisi anakichora. Kila akikutana nacho upya, anakuja na kitu cha jana kichwani. Ndiyo maana utoro wa siku mbili unamuumiza mtoto wa awali kuliko watu wazima wanavyodhani. Akirudi Alhamisi anawakuta wenzake wanaongelea mambo ambayo mwanzo wake hakuuona.

Tuitazame mada moja kwa karibu. Tuseme ni Oktoba, mkoani Mtwara au Lindi, na mwalimu amechagua mazao yetu. Huku kusini asipoanza na korosho ataanza na nini? Jumatatu anakuja na jani la mkorosho, bibo lenye korosho yake na korosho kavu ndani ya kisonzo. Watoto wananusa, wanapapasa, wanasema wanachokijua. Na wanajua mengi: nani anaokota nyumbani kwao, bibo jekundu na la njano yana ladha gani, kwa nini baba huipulizia mikorosho dawa ya salfa. Hapo wanajifunza kuwasiliana. Mtoto asiyefungua mdomo juma zima anaweza kufungua siku hiyo, kwa kuwa leo yeye ndiye mjuzi.

Kwenye lugha, mwalimu anawapigisha makofi: ko-ro-sho, makofi matatu. Bi-bo, mawili. Kisha anauliza ni neno gani jingine linaanza kama korosho, watoto wanataja kuku, kisu, kaka, Kassimu. Hakuna aliyeshika penseli, lakini kazi iliyofanyika ndiyo itakayomwezesha mtoto huyo kusoma ka, ke, ki, ko, ku akifika darasa la kwanza. Herufi ni alama ya sauti, na asiyeisikia sauti hana cha kuiwekea alama.

Kwenye hesabu kuna mengi zaidi ya "moja mpaka ishirini". Watoto wengi wanaweza kuiimba namba kama wimbo bila kujua kuhesabu. Mpe mtoto korosho saba umwambie ahesabu, uangalie kidole chake. Mara nyingine kidole kinakwenda upesi kuliko mdomo, mara kinagusa korosho moja mara mbili. Anachokosa ni kuelewa kwamba kila namba inayotamkwa ni ya kitu kimoja tu. Mwalimu anamfundisha kusogeza: kila korosho aliyoihesabu inakwenda upande wa pili. Akimaliza anaulizwa, "Zote ngapi?" Kama anaanza upya, moja, mbili, tatu, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla ya zote. Na hata akijibu saba, zitandaze korosho zilezile zichukue nafasi kubwa na umuulize tena. Baadhi watakwambia zimeongezeka. Hawakosei kwa uzembe, ndivyo akili ya umri huo inavyoona, nayo hubadilika mtoto akishika na kupanga vitu mara nyingi.

Neno hilo, mara nyingi, ndipo nyumbani panapoingia. Uwiano unaolengwa katika awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa mengi ya shule za serikali yana watoto wengi kuliko hapo. Mwalimu akigawa korosho kwa makundi, akapita kila kundi, huenda mwanao akapata zamu moja ya kuhesabu huku mtu mzima akimtazama. Zamu moja haitoshi. Nyumbani hakuna foleni. Mtoto anaweza kupata zamu kumi jioni moja, na mtu wa kumsikiliza yeye peke yake.

Tuje Tandahimba, jioni, uani. Bibi mzaa mama anachambua korosho, za daraja la kwanza huku, mbovu kule. Mjukuu amechuchumaa pembeni.

"Bibi, naomba nikusaidie."

"Haya, mjukuu wangu. Niwekee tano tano, kila fungu mbali na mwenzake."

Mtoto anapanga. Fungu la tatu lina nne.

"Hebu lihesabu tena hili." Bibi hasemi limekosewa. Mtoto anahesabu, anasita, anachukua moja kutoka kwenye lundo na kuiongeza.

"Sasa mafungu mangapi?"

"Matatu."

Bibi huyo huenda hakumaliza hata darasa la nne, na kwa dakika hizo amefanya yote yanayotakiwa. Amempa mtoto kazi ya kweli, amemwachia nafasi ya kujisahihisha, na amemhesabisha vitu kisha mafungu. Bila kukusudia amemsikilizisha namba zikibadilika ndani ya Kiswahili: korosho tatu, mafungu matatu, vijiti vitatu, watoto watatu. Mtoto hufundishwa moja, mbili, tatu, kisha anakuta duniani namba zimevaa viambishi. Anayezungumzishwa sana huzoea mapema. (Tahadhari moja: korosho za kuchezea ziwe kavu na nzima. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo mtoto asizipasue wala kuzing'ata, na wadogo zake wanaotia kila kitu mdomoni wakae mbali.)

Kusaidia mada ya juma nyumbani, basi, ni kumkutanisha mtoto na jambo lilelile ndani ya shughuli ambazo zingefanyika hata hivyo. Mada ikiwa usafi wa mwili, mpe yeye kazi ya kujaza kibuyu chirizi na kumwelekeza mdogo wake namna ya kunawa. Kule kwenye uwanda wa Makonde, Newala na jirani zake, ambako maji ni ya kutafuta, mada hii ina hesabu yake: ndoo hii tutakoga wangapi, tukitumia kata mbili kila mmoja yatabaki? Mada ikiwa familia, mtajie majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, na nani alizaliwa kabla ya nani. Mada ikiwa wanyama, acha kuku wahesabiwe wanapoingia bandani. Inatosha.

Si lazima umkalishe mtoto mezani. Nasema hivi kwa sababu naona upande wa pili pia: kaka wa darasa la sita aliyepewa mdogo wake "amfundishe", fimbo mkononi, na mtoto wa miaka mitano anaambiwa aandike jina lake mara ishirini. Vidole vya umri huo havijakomaa kwa kazi hiyo. Vinakomaa kwa kupukuchua mahindi, kumenya mbaazi, kufinyanga udongo, kuchora mchangani kwa kijiti, kufunga na kufungua vifungo vya shati. Mtoto aliyefanya hayo sana atashika penseli bila vita. Aliyepigwa kwa ajili ya herufi e atafika darasa la kwanza akiwa ameshajifunza jambo moja kubwa, kwamba shule inauma, na mwalimu atatumia muhula mzima kumfundisha vinginevyo.

Watu huuliza kuhusu lugha. Darasani ni Kiswahili, nyumbani huenda ni Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, na baadhi ya wazazi wanaona aibu kuongea lugha yao mbele ya mtoto wa shule. Wasiache. Mtoto anayejua kwa Kimwera kitu kizito ni kipi na chepesi ni kipi, kilicho mbali na kilicho karibu, amebakiza kupata neno la Kiswahili tu. Asiyezungumzishwa kwa lugha yoyote ana kazi mbili. Simulia hadithi kwa lugha inayokutoka vizuri, tega vitendawili, kisha mwulize mwalimu kitu kile darasani walikiitaje. Zile familia za mjini zinazokatisha mazungumzo marefu ya nyumbani ili zimpe mtoto maneno kumi ya Kiingereza zinamnyima kingi kwa kidogo.

Utaijuaje mada? Kwanza mwulize mtoto, ila acha swali la "mmesoma nini", maana atajibu "hatujasoma". Mwulize leo mwalimu alikuja na nini mkononi, waliimba nini, walikaa kona gani. Madarasa ya awali yaliyopangwa vizuri yana kona za ujifunzaji, kama kona ya lugha, ya hisabati, ya sanaa, ya nyumbani, na mtoto akikutajia kona utapata picha. Pili, mwulize mwalimu. Mwalimu ana azimio la kazi, kwa hiyo mada za majuma yajayo anazijua mapema. Walio na simu janja huzipata kwenye kundi la wazazi, lakini vijijini wengi hawana, na bibi anayelea mjukuu ndiye hukosa habari hizi kabisa. Mwalimu anayeandika mada kwa herufi kubwa nje ya mlango wa darasa, au anayemtuma mtoto wa darasa la nne na ujumbe wa mdomo, anawafikia hao. Kwenye vikao vya umoja wa walimu na wazazi, UWAWA, jambo hili linastahili nafasi sawa na michango ya madawati.

Kuna pia swali la msimu wa korosho. Kuanzia Septemba, Oktoba hivi, hadi Desemba familia nyingi huhamia mashambani kuokota, wengine hulala kwenye vibanda huko mpaka mzigo ufike ghalani kwa ajili ya mnada. Mtoto wa awali hawezi kubaki peke yake kijijini, kwa hiyo anachukuliwa, na majuma mawili au matatu yanapotea. Bora abaki kwa shangazi au kwa bibi akaendelee na darasa, hilo ndilo la kwanza, kwa kuwa hakuna msaada wa nyumbani unaofidia kukosa shule. Ikishindikana, usiondoke kimya. Pita kwa mwalimu siku moja kabla: "Mwalimu, tunakwenda shamba, tutarudi baada ya juma la pili. Mtakuwa na mada gani?" Akikwambia ni maumbo, huko shambani mtafuteni duara, kwenye kisonzo, kwenye mdomo wa ndoo. Akikwambia ni rangi, mabibo yapo. Na siku ya kurudi, mpeleke mtoto mwenyewe mpaka mlangoni, umweleze mwalimu alichokifanya, ili asimwanzishe kama mgeni.