Anayeambiwa kwanza ni muuguzi: maswali kuhusu saratani ya ziwa Unguja na Pemba

Vitabuni huandikwa titi, lakini bibi wa Micheweni akikaa mbele ya muuguzi atasema ziwa. Basi hapa nami nitasema ziwa.

Kwa nini tuwafundishe wauguzi? Hii si kazi ya daktari?

Mwanamke wa kwetu hatoki nyumbani kwenda kumwona daktari kwa ajili ya ziwa. Anakwenda kituoni kumpima mtoto uzito, kufuata dawa ya presha, au kumsindikiza mkamwana wake kliniki. Ameshamaliza shida yake, ameshajifunga baibui, ndipo anapoinama na kunong'ona: "Mwanangu, na hapa pana kitu, lakini hakiumi."

Anayenong'onezwa ni muuguzi. Akijibu, "Kama hakiumi, subiri kwanza," bibi yule ataondoka na raha zake, na pengine atarudi mwaka ujao kidonda kimeshafunguka. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na ndiyo maana watu huudharau. Kama mafunzo hayakumtoa muuguzi neno hilo "subiri" mdomoni, kwangu mimi hayajafanya kitu.

Dalili zipi azijue kwa ghibu?

Uvimbe mgumu ndani ya ziwa au kwapani ambao hedhi inapita na wenyewe upo. Ziwa moja kubadilika umbo au ukubwa. Ngozi kubonyea, au kuwa na vitobo kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, kutoa damu au majimaji, au kufanya ukurutu usiopona.

Iko moja inayowapita wengi: mama anayenyonyesha ziwa likivimba na kuwa jekundu, husemwa ni jipu la maziwa, akapewa dawa. Mara nyingi ni kweli. Lakini dozi ikimalizika na ziwa likabaki vilevile, asipewe dozi ya tatu na ya nne. Apelekwe mbele.

Kila uvimbe ni saratani?

Hapana, vingi si saratani, hasa kwa wasichana. Ila vidole peke yake haviwezi kuamua. Hutakiwa picha, utrasaundi au mamogramu, yaani eksirei ya ziwa, na mwisho kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kupimwa maabara. Muuguzi asimwambie mtu "unayo", wala asimwambie "huna".

Semina ya siku mbili inatosha?

Sote tunazijua semina: ukumbi, maji ya chupa, slaidi zinazokimbia, picha ya pamoja, posho. Muuguzi hutoka na daftari limejaa na vidole havijui kitu.

Kupima ziwa ni ufundi wa mkono. Hutumiwa nyama za ncha za vidole vitatu vya kati, kwa kubonyeza kidogo, kisha wastani, kisha kwa kina, mstari baada ya mstari, kuanzia mfupa wa mtulinga hadi chini ya ziwa, na kwapa lisisahauliwe. Yapo maziwa ya bandia ya silikoni yenye vivimbe vya ukubwa mbalimbali ndani yake. Mwanafunzi ayapime mpaka avipate vyote. Kisha apime watu waliokubali, mwalimu akiwa kando yake.

Na faida ipo, si maneno matupu. Mumbai, India, ulifanywa utafiti wa wanawake zaidi ya 150,000. Nusu yao walipimwa maziwa kwa mkono kila baada ya miaka miwili, na waliowapima hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo ya miaka 20, yaliyotolewa 2021, yalionyesha saratani ziligunduliwa zikiwa changa zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo vifo havikupungua hivyo, na hilo nalo tulifundishe.

Basi tuwahimize wanawake wajipime wenyewe?

Hapa lazima tuseme kweli. Shanghai, China, wanawake zaidi ya 260,000 wa viwandani waligawanywa, wengine wakafundishwa kujipima, wengine la. Matokeo ya 2002 yalionyesha vifo vililingana pande zote mbili. Waliofundishwa walipata vivimbe visivyo saratani vingi zaidi, na kupasuliwa zaidi. Kwa hiyo kujipima si badala ya kupimwa.

Hata hivyo sitamwambia mwanamke asilijue ziwa lake. Alizoee, apate kuona likibadilika. Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi kwisha. Aliyekwisha koma hedhi achague siku moja ya mwezi. Nawapendekezea siku ya mwezi kuandama, kwa kuwa hiyo haisahauliki.

Wanaona haya. Na wengine husema ni husda.

Pazia livutwe. Kwanza maelezo, kisha ruhusa, na ziwa moja likipimwa jingine lifunikwe kanga. Muuguzi akiwa mwanamume, amwite mwenzake mwanamke. Asipokuwepo, mama aambiwe anaweza kuja na dada yake au wifi yake.

Kuhusu husda, muuguzi akicheka ameshampoteza mgonjwa. Amwambie: "Dua isomwe, Bi Mkubwa, na gari ya spitali nayo uipande. Nitakuandikia barua sasa hivi."

Akishaukuta uvimbe, afanye nini?

Hapa ndipo mambo yanapokwama, hata kwa muuguzi hodari. Karatasi ya rufaa haimfikishi mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa aende kituoni. Hesabu basi safari ya mtu wa Pemba: kijijini hadi spitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, boti hadi Unguja, Mnazi Mmoja, na ikitakiwa tiba ya mionzi, wagonjwa wetu wamekuwa wakivushwa tena hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa hiyo aulize: nauli unayo? Watoto watabaki na nani? Mume anajua? Aandike siku ya miadi na namba ya simu daftarini, na siku hiyo ikipita apige. Simu isipopatikana, sheha au mhudumu wa afya wa shehia atajua nyumba.

Wanaume je?

Nao hupata, ila ni wachache: kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya wagonjwa wote.

Na muuguzi mwenyewe?

Karibu nusu ya wanaopata saratani hii hawana sababu nyingine inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40. Wauguzi wetu wengi wamo humo. Mimi ningeyafungua mafunzo kwa kugawa vikaratasi visivyo na majina, swali moja tu: mara ya mwisho ziwa lako lilipimwa lini? Vikikusanywa na kusomwa, mwalimu atajua aanzie wapi.