Nusu uhai ya dawa ni nini?

Nusu uhai ya dawa ni muda unaopita hadi kiwango cha dawa katika damu kishuke na kufikia nusu ya kilivyokuwa. Kwa parasetamo, mtu mzima mwenye afya huhesabiwa saa 2 hadi 3. Wanafunzi wengi, wanapoikuta dhana hii mara ya kwanza, hudhani kwamba nusu uhai mbili zikipita dawa imekwisha. Kumbe kiwango kikiwa 100 hushuka hadi 50, kisha 25, kisha 12.5, na baada ya nusu uhai tano ndipo hubaki asilimia 3 hivi, kiasi ambacho kwa kawaida hakihesabiwi tena.

Vyuoni fiziolojia, yaani somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, hutangulia famakolojia, somo la dawa, na sijui dhana inayoeleza sababu yake vizuri kuliko hii. Nusu uhai si sifa ya kidonge peke yake. Hutokana na mambo mawili: jinsi dawa inavyoenea katika tishu, na kiasi cha damu ambacho ini na figo huweza kukisafisha kwa muda fulani. Figo za mtu mzima huchuja takriban mililita 125 za plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, kwa dakika, yaani karibu lita 180 kwa siku. Jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, hutoka karibu yote kwenye mkojo bila kubadilishwa na ini, hivyo nusu uhai yake ya saa 2 hadi 3 huweza kupita saa 24 figo zikishindwa kazi. Dawa ni ileile na chupa ni ileile, ila mgonjwa huyo akiendelea kuchomwa kwa ratiba ya kawaida, dawa hulimbikizana mwilini hadi kuharibu masikio, na figo zenyewe kuzidi kuumia.

Dawa mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini imejengwa juu ya hesabu hiyohiyo. Artemetha huondoka kwa saa chache, baada ya kupunguza vimelea kwa kasi. Lumefantrini, ambayo nusu uhai yake ni siku kadhaa, hubaki ikimalizia waliosalia. Anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka hujinyima hasa ile inayokaa.

Hata hivyo, nusu uhai isichanganywe na muda wa dawa kufanya kazi. Aspirini yenyewe ina nusu uhai ya dakika 15 hadi 20 tu, lakini chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilizoguswa nayo hubaki zimezuiwa kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10, kwa kuwa hazina kiini cha kuziwezesha kuunda upya kimeng'enya kilichoharibiwa. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji huelekezwa na daktari waiache siku kadhaa kabla.