Maana ya Usimamizi wa Faili katika Wingu Mseto na Mawingu Mengi

Wingu mseto na mawingu mengi ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Katika wingu mseto, taasisi hutumia seva zake yenyewe pamoja na seva inazokodi kwa mtoa huduma na kuzifikia kupitia intaneti, yaani wingu, na pande hizo mbili huunganishwa ili zifanye kazi pamoja. Mawingu mengi ni kukodi kwa watoa huduma zaidi ya mmoja, tuseme Amazon na Microsoft, hata kama taasisi yenyewe haina seva hata moja. Kusimamia faili katika mazingira hayo ni kuhakikisha kwamba hati, mchoro, picha au video, popote ilipohifadhiwa, inabaki na jina moja, ruhusa zilezile na nakala moja inayotambuliwa kuwa ndiyo ya kweli.

Ugumu wake hauko kwenye nafasi, kwa kuwa nafasi hununuliwa. Uko kwenye namna faili zinavyohifadhiwa. Seva ya ofisini kwa kawaida hutumia itifaki, yaani kanuni za kompyuta kupeana faili kwenye mtandao, kama NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, au SMB inayotumiwa na Windows. Itifaki hizo zinatambua folda, zinajua nani ana ruhusa gani, na zinaweza kuifunga faili mtu mmoja anapoihariri ili mwingine asiandike juu yake. Hifadhi ya wingu ya aina ya Amazon S3, iliyoanza mwaka 2006, inakwenda kwa njia nyingine: kila faili ni kifurushi kinachojitegemea chenye jina lake, na kile mtumiaji anachokiona kama folda, katika mfumo wake wa kawaida, ni sehemu tu ya jina hilo. Kwa hiyo kubadilisha jina la folda yenye faili 10,000, kazi ya kufumba na kufumbua kwenye seva ya ofisini, huko humaanisha kunakili faili zote 10,000 kwa majina mapya na kisha kufuta zile za zamani. Programu iliyoandikwa kwa mazoea ya folda hukwama hapo, na lawama hutupiwa mtandao.

Ndiyo maana mifumo ya usimamizi huweka tabaka la kati, yaani programu inayokaa kati ya mtumiaji na hifadhi zote, linaloonyesha mti mmoja wa folda. Mhandisi aliye Mombasa na mwenzake wa Kigali huona njia ileile ya faili, zile zinazotumika sana zikiwekwa karibu nao na zilizokaa bila kuguswa zikihamishiwa kwenye hifadhi ya bei nafuu. Swali la kumuuliza muuzaji wa mfumo wa namna hiyo, kabla ya lile la bei, ni hili: watu hao wawili wakifungua mchoro mmoja kwa wakati mmoja, nani anaruhusiwa kuandika?

Kisha kuna uzito wa data yenyewe. Terabaiti 10 zikipita kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, bila kusimama wala kugawana laini na mtu, huchukua zaidi ya siku tisa. Watoa huduma wakubwa kwa kawaida hawatozi data inayoingia, bali inayotoka. Mwaka 2024 Google na Amazon zilitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama kabisa, lakini anayebaki na kusafirisha faili kila siku kati ya mawingu mawili hakuguswa na nafuu hiyo.

Sheria nayo imo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na zinagusa pia haki ya mtu kutaka taarifa zake zifutwe. Ofisi yenye nakala moja kwenye seva yake, nyingine Cape Town na ya tatu kwenye hifadhi rudufu ambayo aliyeifungua alishaacha kazi, haiwezi kujibu ombi kama hilo kwa uhakika mpaka ijue kwanza nakala zote ziko wapi.