Kwa nini kelele za The Jesus and Mary Chain zinasikika kama wimbo?

Mpigie mtu "Upside Down", singo ya kwanza ya bendi ya roki ya The Jesus and Mary Chain iliyotoka 1984 kwa lebo huru ya Creation, na ndani ya sekunde chache atakwambia hawa jamaa hawajui kupiga, wamefungulia gitaa mpaka mwisho kuficha aibu. Wazo hilo lina umri sawa na bendi yenyewe. Na si kwamba halina pa kushika: Douglas Hart alikuwa anapiga besi yenye nyuzi mbili tu, Bobby Gillespie alisimama nyuma ya ngoma mbili, shoo zilikuwa zinaisha kwa dakika kama 20 hivi, na Machi 1985 pale North London Polytechnic watu walikasirika mpaka wakavunja vyombo vya muziki.

Lakini sikiliza wimbo wao "Just Like Honey" unavyoanza. Ngoma peke yake: duu, du-du, paa. Hiyo ndo ngoma ya "Be My Baby" ya The Ronettes, kikundi cha wasichana, 1963, imechukuliwa kama ilivyo. Alafu anaingia mwimbaji, Jim Reid, taratibu kabisa, anaimba kama mtu anayeongea na aliyekaa pembeni yake. Wimbo wa mapenzi, kordi chache, melodi unayoikumbuka kesho yake. Jim na kaka yake William, vijana wa East Kilbride huko Uskoti, walipenda vikundi vya wasichana vya miaka ya 60 na waliipenda Velvet Underground, bendi ya kelele ya New York, kwa kiwango kilekile, na baba yao alipopoteza kazi kiwandani aliwapa hela wakanunua mashine ndogo ya kurekodia. Nyimbo zilikuja kwanza, kelele ikawekwa juu yake kwa makusudi.

Sasa kelele yenyewe, na hapa ndo pananifurahisha zaidi. Ile sauti kali inayolia inaitwa fidibeki, ni kitu kilekile maiki inachofanya ikisogezwa karibu na spika. Uzi wa gitaa unatikisika, pikapu, yaani sumaku iliyo chini ya nyuzi, inaugeuza mtikisiko kuwa umeme, amplifaya inaukuza, spika inautoa hewani, na ile hewa inarudi kuutikisa uzi uleule. Mzunguko. Kwa haraka mtu angetegemea mvurugo tu, kila sauti inarudi na kupanda juu ya nyingine, ila sivyo inavyokuwa. Fikiria bembea: ukiisukuma kila inapoanza kwenda mbele, nguvu kidogo tu inaipandisha juu sana, lakini ukisukuma bila mpangilio msukumo mmoja unaua mwingine na bembea haifiki popote. Uzi nao uko hivohivo. Mawimbi yanayorudi kwa wakati wake yanaongezeka kila mzunguko, yaliyochelewa au kuwahi yanakufa, na kinachobaki ni noti moja, mara nyingine mbili, inakua mpaka amplifaya haina tena cha kuongeza. Yaani mashine inajichagulia noti. Mpigaji akipiga hatua moja kurudi nyuma au akigeuza gitaa kidogo, umbali umebadilika, noti nyingine ndo inayorudi kwa wakati wake sasa, na sauti inaruka.

Juu ya hapo William, mpiga gitaa, alitumia pedali ya fazi (fuzz) ya Shin-ei, ambayo inakata vichwa vya mawimbi. Kukata huko kunazaa sauti mpya za juu na kunafanya noti iliyoanza kufifia iendelee kusikika kwa nguvu, kwa hiyo mzunguko haukosi chakula. Hii haimaanishi kila mlio kwenye rekodi ulipangwa, fidibeki inategemea chumba, spika na mahali mtu aliposimama, na jukwaani inaweza kumtoroka yeyote. Ila kwenye Psychocandy, albamu ya 1985, mlio mwingi unakaa kwenye sauti nyembamba za juu kabisa, mbali na sauti ya Jim, ndo maana anaimba polepole vile na bado unamsikia.

Na kama bado unaamini kelele ilikuwa pazia, kuna Darklands, albamu yao ya 1987. Gillespie alishaondoka kwenda kushughulika na Primal Scream, bendi yake nyingine, ngoma zikapigwa na mashine, fidibeki karibu yote ikaondolewa. Singo ya albamu hiyo, "April Skies", ilifika namba 8 Uingereza, juu kuliko chochote walichotoa wakati wa kelele.