Je, wajua kwa nini ndani ya kodi ya nyumba Lamu mna nauli ya punda?

Mfuko wa saruji una kilo 50. Ukipelekwa Malindi, lori huushusha mlangoni. Wa Lamu hufika Mokowe, gati la upande wa bara, ukapakiwa chomboni, ukavushwa maji, ukashushwa na hamali, kisha ukabebwa na punda kwenye vichochoro visivyopitika gari. Kila mkono unalipwa. Mchanga, mabati, tangi la maji, hata choo cha kauri, vyote hupita njia hiyo hiyo. Mwenye nyumba, nauli hiyo hailipi mfukoni mwake milele. Mpangaji ndiye humrudishia, mwezi baada ya mwezi.

Lakini punda asibebeshwe lawama yote. Nyumba zenyewe za Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe katika mji wa kale, hazikujengwa za kupangishwa chumba chumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari limelala juu ya boriti za mikoko. Boriti haifiki mbali, kwa hiyo upana wa chumba ni kama mita 3 tu, urefu ndio mwingi. Tena vyumba vimefuatana: kufika chumba cha ndani sharti upite msana, yaani chumba cha mbele yake. Sasa wapangaji wawili wasiojuana utawawekaje? Mmoja akitoka kuoga ampitie mwenziwe kitandani? Ndiyo maana wengi hupangisha orofa nzima au nyumba nzima, na kijana anayetaka chumba kimoja huambiwa ajaribu mtaa wa Langoni.

Kuivunja ukajenga upya pia haiwezekani hivi hivi. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ukarabati una masharti yake: chokaa, boriti, na fundi anayeijua kazi. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti, wakataji mikoko wa Lamu, watoao boriti hizo, nao waliguswa.

Halafu kuna Shela, kijiji cha kisiwa hicho hicho. Huko wageni wamenunua nyumba na magofu, wakavitengeneza, wakawa wanalaza watalii humo kwa malipo ya usiku. Mimi naona hapa ndipo penye uchungu hasa, kwani mwenye nyumba akishaonja hesabu ya usiku, ya mwezi humwia ndogo. Anayekubali kukupangisha huweza kukuuliza mapema, akiwawazia watalii wa mwisho wa mwaka: "Desemba utakuwapo, au utakwenda kwenu?"