Mgombea wa bunge la jimbo na kero za mtaani: dhana potofu na ukweli kutoka California

Msimu wa uchaguzi unapofika California, masanduku ya barua hujaa vipeperushi, na vile vya wagombea wa bunge la jimbo, yaani bunge la California lenyewe, hufanana mno. Huwa na picha ya mgombea akiwa na familia yake, kisha mambo ambayo mkazi hukutana nayo kila atokapo nyumbani: mashimo ya barabarani, madereva wanaokimbiza magari mbele ya shule, kodi ya nyumba isiyoshikika, kelele na taka. Wengi huvisoma vipeperushi hivyo kwa dhana zisizolingana na jinsi madaraka yalivyogawanywa katika jimbo hilo. Wapo wanaoamini kwamba mbunge wa jimbo atatatua kila kero, na wapo wanaoamini kwamba hana lolote la kufanya mtaani. Pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo lina gharama, kwa sababu mkono wa jimbo umeingia ndani ya maisha ya mtaa kuliko inavyodhaniwa, ila haupo pale ambapo watu huutafuta.

Dhana: Mashimo ya barabarani ni kazi ya jiji, kwa hiyo mgombea wa jimbo anayeyataja anatuhadaa.

Ni kweli kwamba barabara nyingi za mitaani hutunzwa na jiji au kaunti, na mwenye shimo mbele ya nyumba yake anapaswa kuanzia huko. Lakini zipo barabara zenye maduka, shule na vituo vya mabasi, zinazoonekana kuwa za jiji kabisa, ambazo ni mali ya jimbo. Huko San Francisco, Van Ness Avenue ni sehemu ya barabara kuu namba 101, na 19th Avenue ni sehemu ya barabara kuu namba 1. Barabara ya El Camino Real, inayopita katikati ya miji mingi kusini mwa San Francisco, ni barabara ya jimbo namba 82. Hizi ziko chini ya idara ya uchukuzi ya jimbo, Caltrans, na meya anayetaka kuongeza kivuko cha waenda kwa miguu hapo hana budi kupata kibali cha idara hiyo.

Hata lami ya mtaa wa ndani hugusa bunge kupitia fedha. Mwaka 2017 bunge lilipitisha sheria iitwayo SB 1 (SB ni muswada ulioanzia Seneti, na AB ni ulioanzia baraza la chini), iliyopandisha ushuru wa petroli kwa senti 12 kwa galoni, na sehemu ya mapato hayo hupelekwa kwenye majiji na kaunti kwa ajili ya kukarabati barabara zao. Mwaka 2018 wapiga kura walikataa pendekezo la kuifuta. Kwa hiyo mgombea anayeahidi kupunguza ushuru wa mafuta na kuziba mashimo katika kipeperushi kimoja anawajibika kueleza fedha za kuziba mashimo hayo zitatoka wapi, na mpiga kura ana haki ya kumbana mpaka aeleze.

Dhana: Jiji likitaka kudhibiti mwendo wa magari, linaweza kufunga kamera lenyewe.

Haliwezi, na hapa ndipo nguvu ya bunge la jimbo inapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine. Sheria za usalama barabarani California ni za jimbo zima, na jiji halina ruhusa ya kutoza faini kwa njia ambayo sheria hizo hazikuitaja. Kwa miaka mingi San Francisco na San Jose zilitaka kamera za kupima mwendo, ambazo New York zilikuwa zikitumika tayari, na kwa miaka mingi zikanyimwa. Muswada wa mwaka 2017 ulikwama, na wa mwaka 2021 nao ukakwama. Wakati huo wote madiwani walikuwa wakilaumiwa na wazazi kwa jambo ambalo hawakuwa na mamlaka nalo.

Ruhusa ilipatikana Oktoba 2023, gavana Gavin Newsom alipotia saini muswada wa AB 645 uliowasilishwa na Laura Friedman, aliyekuwa mjumbe wa baraza la chini la bunge hilo. Sheria hiyo ilitaja majiji 6 tu kwa majaribio: Los Angeles, San Jose, Oakland, Glendale, Long Beach na San Francisco. Ukiisoma kwa karibu utaona jinsi mbunge anavyoweza kuamua hata senti anayolipa dereva. Faini huanza pale gari linapozidi kikomo kwa maili 11 kwa saa, na kiwango cha chini ni dola 50. Kamera hupiga picha ya namba ya gari, taarifa hutumwa kwa mwenye gari, na kosa haliingizwi katika kumbukumbu za leseni ya dereva. Siku 60 za mwanzo ni za onyo tu, na wenye kipato kidogo hupunguziwa. San Francisco ilitangulia kuwasha kamera zake, 33 kwa jumla, mwaka 2025.

Mji wa Malibu haukuwamo katika orodha hiyo. Oktoba 2023, wanafunzi 4 wa chuo kikuu cha Pepperdine waligongwa na kuuawa wakiwa kando ya barabara ya pwani, ambayo ni barabara ya jimbo. Mji ulilazimika kurudi bungeni kuomba, na sheria nyingine, SB 1297, ikapitishwa mwaka 2024 ili nao uweze kufunga kamera. Mtu akikuambia kwamba uchaguzi wa mbunge wa jimbo haugusi usalama wa mtoto anayevuka barabara, mtajie Malibu.

Dhana: Kodi ya pango na ujenzi wa nyumba huamuliwa na halmashauri ya jiji peke yake.

Halmashauri huamua ndani ya ua uliojengwa na bunge. Sheria ya Costa-Hawkins ya mwaka 1995 inayakataza majiji kuweka ukomo wa kodi kwa nyumba za familia moja na kwa majengo yaliyopata kibali cha kukaliwa baada ya Februari 1, 1995, na inamruhusu mwenye nyumba kupanga kodi mpya mpangaji anapohama kwa hiari yake. Mapendekezo ya kuifuta au kuilegeza yalipelekwa kwa wapiga kura mwaka 2018, 2020 na 2024, na yote yalikataliwa. Kwa upande mwingine, bunge lilipitisha AB 1482 mwaka 2019, ambayo kwa nyumba nyingi zenye umri wa zaidi ya miaka 15 inazuia kodi kupanda kwa mwaka zaidi ya asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei, na kwa vyovyote isizidi asilimia 10. Wapangaji wengi hawaijui sheria hii na hulipa nyongeza ambazo haziruhusiwi. Mwaka 2021 ikaja SB 9, iliyomruhusu mwenye kiwanja cha nyumba moja, kwa masharti, kufikisha hadi makazi 4 mahali hapo, hata kama jiji halipendi.

Kwa hiyo mgombea anayeandika kwamba anaunga mkono nyumba za bei nafuu hajasema kitu bado. Msimamo wake utaonekana akieleza kama angeipigia kura SB 9, na kama AB 1482, ambayo muda wake unakwisha mwaka 2030, angeiongezea muda au angeiacha ife.

Dhana: Mbunge wa jimbo anaweza kuzima kelele zote.

Inategemea kelele ni za nini. Sheria ya AB 1346 ya mwaka 2021 ilielekeza kusitishwa kwa uuzaji wa mashine mpya za petroli za kupulizia majani na kukatia nyasi, hasa kwa sababu ya moshi wake, ingawa haikumkataza mtu kutumia aliyokuwa nayo. Kelele za ndege ni jambo jingine kabisa. Mji wa Burbank uliwahi kuzuia ndege za jeti kuruka kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi, na mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha amri hiyo kwa kuwa anga ni la serikali ya shirikisho. Mgombea wa jimbo anayeahidi usiku wa kimya karibu na uwanja wa ndege anaahidi kisichokuwa mkononi mwake.

Dhana: Nikishajua chama cha mgombea, sina haja ya kusoma misimamo yake.

Tangu wapiga kura walipopitisha pendekezo namba 14 mwaka 2010, wagombea wote wa bunge la California hushindana pamoja katika mchujo, na wawili wanaoongoza huingia uchaguzi wa Novemba hata wakiwa wa chama kimoja. Katika maeneo mengi hutokea Wademokrati wawili wakabaki uwanjani, na tofauti yao ya kweli ikawa ni nyumba, barabara na kamera. Anayepiga kura kwa kuangalia chama peke yake hapo hana cha kuchagulia.

Dhana: Akishinda, atatuletea maendeleo kutoka mfuko wake.

Wapiga kura waliokulia Kenya wamezoea mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, NG-CDF, na waliokulia Tanzania wanaujua Mfuko wa Jimbo (jimbo la uchaguzi), ambamo mbunge huhusika moja kwa moja katika ujenzi wa darasa au kisima. Mbunge wa California hana mfuko wa aina hiyo. Anaweza kuomba fedha za bustani au maktaba ziingizwe katika bajeti, lakini ombi lake linashindana na ya wenzake 79 katika baraza la chini, kila mmoja akiwakilisha karibu watu nusu milioni, na ya maseneta 40.

Hata muswada wake mzuri una safari ngumu. Ukiwa na gharama kubwa kwa serikali, hupelekwa katika kamati ya matumizi na kuwekwa kando pamoja na mamia ya mingine. Kisha, mara mbili kwa mwaka, kamati huisoma kwa haraka na kutangaza ipi inaendelea na ipi imekufa, bila mjadala na mara nyingi bila sababu kutolewa. Ni utaratibu unaoficha zaidi ya unavyoonyesha, na mgombea anayedai kujali uwazi aulizwe kama yuko tayari kuubadilisha.

Dhana: Mimi si raia, kwa hiyo mambo haya hayanihusu.

Kuhusu kura yenyewe, tahadhari ni ya lazima: wabunge wa jimbo huchaguliwa na raia wa Marekani pekee, na mwenye kibali cha ukaazi anayejiandikisha kupiga kura kimakosa anaweza kuhatarisha ukaazi wake, hata kama fomu aliwekewa mbele tu alipokwenda kuchukua leseni. Lakini maeneo ya uchaguzi huchorwa kwa kuhesabu wakazi wote, na ofisi ya mbunge mtaani huwahudumia wakazi waliokwama katika idara za jimbo, kama ile ya leseni za magari au ya mafao ya waliopoteza kazi. Kamati za bunge mjini Sacramento nazo husikiliza umma: baada ya mashahidi wakuu kumaliza, watu hupanga foleni mbele ya kipaza sauti, kila mmoja akataja jina lake na kama anaunga mkono muswada au anaupinga. Haombwi karatasi za uraia.