Lejio ya Maria ilianzia mezani

Anayejiunga leo na Lejio ya Maria, chama cha kitume cha walei Wakatoliki, hukuta meza ya mkutano imeshapangwa: kitambaa cheupe, sanamu ya Bikira Maria, mishumaa miwili na vyombo viwili vya maua. Katika semina za walei huwa naulizwa ni nani aliyeamuru iwe hivyo. Hakuna aliyeamuru. Jioni ya tarehe 7 Septemba 1921, mkesha wa sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, watu walioingia katika nyumba ya Myra, mtaa wa Francis jijini Dublin, waliikuta meza ikiwa hivyo. Mmoja wao alikuwa ametangulia kufika, akaipanga kwa mapenzi yake mwenyewe. Wakapiga magoti, wakamwomba Roho Mtakatifu, wakasali Rozari, ndipo wakaketi kuzungumza.

Walikuwa wanawake wapatao 15, Padre Michael Toher, na Frank Duff, mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 32. Duff alikuwa mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, ambako wanaume walikuwa wakiwatembelea maskini. Wanawake hawa nao walitaka kazi. Hawakuanza na katiba wala mfuko wa fedha. Walikubaliana kwenda wawili wawili kuwaona wanawake wagonjwa katika hospitali ya maskini, kisha warudi wiki inayofuata, kila mmoja aeleze alichofanya. Uenyekiti alipewa Elizabeth Kirwan. Napenda jambo hili likumbukwe, kwa kuwa wengi hudhani chama kilianza kikiwa mikononi mwa padre.

Taarifa ile ya kila wiki ndiyo uti wa mgongo wa Lejio. Nasikitika ninapoona presidio, yaani kikundi cha Lejio kinachokutana kila wiki, ikisali Rozari vizuri halafu taarifa zikapita kwa neno moja tu: "Nilitembelea." Ulimtembelea nani? Mlizungumza nini? Utarudi lini? Wale wa mwanzo walitaka kujua hayo, maana mgonjwa aliyetajwa leo alipaswa kuonwa tena.

Wapya hushangaa pia kwamba mlejio hagawi fedha wala chakula. Kazi hiyo ina vyama vyake, na ni njema. Mlejio humwendea mtu akiwa mikono mitupu, akae naye, amsikilize, azungumze naye habari za Mungu.

Jina la Lejio, lililotokana na jeshi la Warumi, lilikuja mwaka 1925. Na nisisitize, maana wengi huchanganya: Legio Maria iliyozaliwa Kenya miaka ya 1960 ni kanisa linalojitegemea. Lejio ya Maria ni chama cha kitume ndani ya Kanisa Katoliki.

Kwetu Afrika Mashariki ililetwa na Edel Quinn, binti wa Ireland aliyetaka kuwa mtawa akazuiwa na kifua kikuu. Alitumwa mwaka 1936 akiwa na umri wa miaka 29, mapafu yake yakiwa tayari yameharibika. Akiwa na makao yake Nairobi, alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika hadi Nyasaland (Malawi ya leo) na Mauritius, akianzisha presidio na kukaa na viongozi wapya mpaka waweze kuendesha mkutano wenyewe. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Kaburi lake liko Nairobi, katika makaburi ya wamisionari.